Fursa na Matokeo: Tunawadai Nini Watoto wa Nyumbani, na Wao Wanatudai Nini?

(Maelezo ya Kamati ya Elimu kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam)



Kamati ya Elimu tumepewa dakika ishirini. Mwaka jana tulipewa kumi, tukatumia arobaini, na bado tukaondoka hatujaelewana. Mtakumbuka tulileta pendekezo kwamba sehemu kubwa ya fedha za harambee isiende tena kwenye udhamini wa watoto waliofaulu vizuri, bali iende kwenye bweni la wasichana, chakula cha mchana na masomo ya ziada kwa wanaosuasua. Mzee wetu mmoja, ambaye kila aliyemo humu anajua alivyokibeba chama hiki tangu kilipoanza, akasimama akasema: haki ya mtoto ni kufunguliwa mlango, kuingia ni juu yake mwenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Na baadhi yetu wanakamati, tuseme kweli, tulipiga pia.

Basi leo hatukuja kumjibu mzee kwa kelele. Tumekaa na neno lake mwaka mzima, tumelipeleka nyumbani, na tumerudi nalo. Tunaloomba ni mtusikilize mpaka mwisho ndipo mtupe uamuzi.

Tuanze na daftari letu. Chama kina daftari la wanufaika. Kila mtoto tuliyemnunulia sare, godoro au vitabu, au tuliyemlipia michango, jina lake limo, na mbele ya jina kuna alama ya vema. Tuliposafiri nyumbani kukagua, tulichukua daftari hilo tukasema tutembelee angalau baadhi ya watoto, tuone wanaendeleaje. Mmoja wao alikuwa binti wa kijiji cha tambarare, aliyefaulu darasa la saba akapangiwa sekondari ya kata yetu kule mlimani. Chama kilimpa kila kilichokuwa kwenye orodha. Tulipofika shuleni, hayupo. Mwalimu akatuambia aliacha akiwa kidato cha pili.

Tuliuliza sababu, na hapakuwa na siri. Kutoka kwao mpaka shuleni ni mwendo wa kupanda mlima alfajiri na kushuka jioni. Kidato cha kwanza alijitahidi. Baadaye yeye na wenzake wawili wakapanga chumba karibu na shule, geto kama wanavyoliita, wakawa wanajipikia. Mwisho wa wiki anashuka kwao kuchukua unga. Wiki unga ukikosekana, hapandi. Mlango wa chumba ulifungwa kwa kamba. Mnaelewa maana ya wasichana watatu wa umri ule kulala nyuma ya mlango wa kamba, hatuna haja ya kuendelea. Mama yake aliposikia habari fulani fulani akamwambia rudi nyumbani, na sisi hatuwezi kumlaumu mama yule.

Kwenye daftari letu, mbele ya jina la binti huyo, alama ya vema ipo mpaka leo. Kwa hesabu zetu tulimfungulia mlango, kwa hiyo kazi yetu ilikwisha.

Ndugu zetu, jambo hili si la chama chetu peke yake. Nchi yetu imelizunguka kwa miaka hamsini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Wengi humu ndani ni matunda ya uamuzi huo, na wengine mnakumbuka kufundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba waliopewa mafunzo ya muda mfupi kwa sababu walimu hawakutosha. Kisha zikaja ada, watoto wakapungua. Mwaka 2002 ukaanza MMEM, ada ya shule ya msingi ikafutwa, madarasa yakafurika tena. Zikafuata shule za kata, ambazo na sisi tulibeba mawe na mchanga kuzijenga. Kila mara swali la kwanza lilikuwa: je, nafasi zipo? Na kila mara tulijibu kwa idadi ya waliosajiliwa.

Halafu ukaja Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Kama watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata sifuri. Hakuna mzazi aliyesahau wiki ile. Vijana wale walikuwa wamepata fursa, kwa maana ya kwamba dawati lilikuwapo, au nusu ya dawati, na jina liliitwa kila asubuhi. Na mwaka huo huo serikali ikaanzisha mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa, kama vile tumegundua ghafla kwamba neno matokeo lipo katika Kiswahili.

Lakini hapa ndipo tunapotaka kumpa mzee wetu haki yake, maana hoja yake ina nguvu kuliko wengi tulivyodhani mwaka jana. Baada ya vilio vile, tume iliundwa, matokeo yakafutwa, na Mei yakatangazwa upya kwa utaratibu mwingine wa kupanga madaraja. Waliofaulu wakaongezeka. Je, kuna mtoto aliyejifunza kitu kipya kati ya Februari na Mei? Hakuna hata mmoja. Ukisema kila mtoto ana haki ya kufaulu, mwenye kutoa mtihani atapata njia ya kumfaulisha, na karatasi itasema kitu ambacho kichwa hakina. Daraja la kwanza huwezi kumdai mtu akupe kama unavyomdai mkopo. Hakuna awezaye kukusomea. Mzee analijua hilo, ndiyo maana alisema vile.

Kuna jambo la pili analolijua, nalo linawagusa watu wa milimani moja kwa moja. Miaka ya 1970 serikali ilianza kugawa nafasi za sekondari kwa mafungu ya mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma tangu enzi za mkoloni nayo ipate wasomi. Kwa nchi ilikuwa na maana. Kwa mtoto wa Kilimanjaro, aliyezaliwa mahali penye shule nyingi za misheni na ushindani mkali, ilikuwa na maana kwamba anabaki nyumbani na alama ambazo mkoani kwingine zingemfikisha kidato cha kwanza. Wapo humu ambao kaka zao au dada zao walibaki hivyo. Wazee wetu walinung'unika, na walinung'unika kwa maneno ya fursa: alama moja, nafasi moja, usiangalie mtu katoka wapi. Na baada ya kunung'unika walichangishana wakajenga shule zao wenyewe, ndiyo sababu mkoa wetu una shule nyingi za wananchi na za dini. Chama hiki kina mizizi katika uchungu ule. Kwa hiyo mtu akisimama kusema tuwatazame zaidi walio nyuma, wazee wanasikia mgao wa mikoa ukirudi kwa mlango wa nyuma. Tunawaelewa.

Sasa turudi kwenye daftari tena, safari hii tuangalie vijiji. Tulikaa usiku mmoja tukahesabu wanufaika wa udhamini kwa kijiji walichotoka. Hatutataja vijiji, kwa sababu tunataka kurudi nyumbani salama. Itoshe kusema kwamba walio wengi wametoka vijiji vichache vilivyo karibu na barabara, vyenye zahanati, vyenye umeme wa siku nyingi, na ambako wengi wetu tuliomo humu tumezaliwa. Vijiji vya tambarare na vile vya nyuma ya mlima havimo, au vimo mara moja moja. Tulifanya mashindano ya haki kabisa: alama moja, nafasi moja. Na mashindano hayo ya haki yakawa yanawachagua watoto wale wale kila mwaka. Mkoa ulikuwa juu ya mikoa mingine enzi zile. Leo ndani ya kata yetu kuna vijiji vilivyo juu ya vingine, na sisi ndio wa juu. Mwenzetu mmoja katika kamati aliposema hivyo, tulinyamaza kwa muda mrefu, chai ikapoa.

Tunaomba mturuhusu tuzungumze habari za ndiva, kwa sababu ndiko tulikopata mwanga.

Kila Mpare aliyekua milimani anaijua ndiva. Kijito cha mlimani wakati wa kiangazi kina maji machache. Ukigawa maji hayo kwa zamu, leo fulani, kesho fulani, umegawa kwa haki. Kila mtu ana zamu yake. Lakini mwenye shamba la mwisho kwenye mfereji, zamu yake ikifika, maji yananyweka na udongo njiani kabla hayajafika kwake. Ana zamu, hana maji. Wazee waliliona hilo zamani sana. Wakajenga ndiva: usiku kucha maji yanakusanywa, asubuhi inafunguliwa, mkondo unatoka na nguvu ya kufika mbali. Hawakubadilisha kanuni ya zamu. Waliifanya zamu iwe na maji ndani yake.

Angalieni pia ambacho ndiva haikufanya. Haikumwahidi mtu magunia ya mahindi. Ukilala siku ya zamu yako, maji yanapita. Usipopalilia, magugu yanakunywa kwa niaba yako. Na asiyekuja kwenye msaragambo wa kuzibua tope hutozwa, awe mjane au mwenye cheo, kila mmoja kwa namna yake. Wazee hawakuwahi kubishana kama mtu ana haki ya fursa au ya matokeo. Walijua ni kitu gani cha kumhakikishia mtu na ni kitu gani cha kumwachia mwenyewe, na mpaka kati ya viwili hivyo waliuchimba ardhini kwa majembe.

Nasi tumejaribu kuuchora mpaka huo kwa upande wa elimu. Hatukuubuni. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 26, linasema elimu ya msingi iwe bure na ya lazima, ila elimu ya juu iwe wazi kwa wote kwa usawa, kwa kadiri ya stahili ya mtu. Yaani kuna elimu ambayo kila mtoto lazima aipate mkononi, na kuna elimu ambayo kila mtoto lazima apate nafasi ya kuigombania. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 11, inazungumza zaidi lugha ya fursa: serikali itafanya juhudi watu wote wapate fursa sawa na za kutosha. Neno "za kutosha" lipo pale, na watu wengi hulipita bila kulisoma. Ila ibara ya 7 inasema mambo ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Kenya wenzetu wameandika tofauti: katiba yao ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mtu anaweza kuipeleka kwa hakimu. Kwetu hakuna hakimu wa kumpelekea jambo la binti yule wa geto. Kuna ukumbi huu.

Basi sisi kamati tunasema hivi. Yapo mambo machache ambayo mtoto wa nyumbani asipoyapata, tusijitetee kwa kusema alipewa nafasi. Mtoto asimalize darasa la tatu hajui kusoma. Utafiti wa Uwezo, ulioanza kufanyika nchini mwaka 2010, uliwakuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili, na walimu wa nyumbani wanatuambia hali hiyo wanaifahamu. Mtoto asiache shule kwa kukosa mahali pa kulala au chakula cha mchana. Na msichana aliyejifungua akitaka kurudi, arudi kweli. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi, na tunaipongeza. Lakini ruhusa ni ruhusa: kichanga atabaki na nani saa nne asubuhi? Kwa mambo haya tunataka kuhesabiwa kwa matokeo, kwa majina, na siyo kwa alama za vema.

Yaliyobaki, yaani kidato cha tano, chuo, udaktari, uhandisi, kazi nzuri mjini, huko tunakubaliana na mzee. Tufungue mlango, tuushikilie usijifunge, na kila mtu aingie kwa miguu yake. Chama hakiwezi kumwahidi kijana ajira. Vijana mnaotuandikia ujumbe kuhusu hilo, tunawasikia na tunawaonea uchungu, lakini tungewadanganya.

Wapo mtakaosema tunawalea wazazi uvivu. Hofu hiyo ni ya kweli, hatuipuuzi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kuna wazazi ambao ukiwaomba debe la mahindi kwa ajili ya chakula cha shule wanakujibu kwamba serikali inalipa. Tuliwasikia kwa masikio yetu. Kwa hiyo pendekezo letu halimpi mzazi likizo. Chama kitajenga jiko na stoo na kununua masufuria; mahindi na maharage ya makande yatatoka kwa wazazi, baada ya mavuno, kwa makubaliano ya mkutano wa kijiji. Mawe, mchanga na kuchimba msingi wa bweni ni msaragambo, na viongozi wa vijiji vitatu wameshatukubalia. Asiyekuwa na mahindi atachanja kuni au atachota maji. Mjane mmoja wa kijiji cha tambarare alituambia yeye atapika, maana kupika ndiyo mali aliyonayo.

Na bweni lenyewe tusilione kama dawa ya kila kitu. Bweni lisilo na mlezi anayelala pale pale ni hatari kuliko geto, kwa sababu watoto ni wengi zaidi chini ya paa moja. Lisilo na milango miwili na nyaya za umeme zilizofungwa na fundi anayejua kazi, hatutalizindua, hata kama mgeni rasmi ameshafika na keki imeshakatwa. Tunalisema hapa ili lirekodiwe katika muhtasari.

Udhamini haufutwi. Tunapendekeza theluthi moja ya makusanyo ibaki kwa ajili ya vijana waliofaulu wanaokwenda kidato cha tano na vyuo, kwa ushindani kama zamani. Theluthi mbili ziende kwenye bweni, jiko na posho ya walimu wa masomo ya jioni. Na daftari tunalibadilisha: jina la mtoto halitapata alama ya vema mpaka amalize kidato cha nne. Akiacha njiani, iandikwe sababu na jina la mwanakamati aliyekwenda nyumbani kwao kuuliza. Tutaona aibu mara nyingi katika mikutano ijayo, mjiandae kutuvumilia.

Limebaki suala la michango. Tumeulizwa kama kila mwanachama atoe kiwango kimoja au kila mtu kwa uwezo wake. Kwa haki, mwenye lori tatu na mwenye genge la nyanya hawabebi mzigo mmoja. Lakini kamati haitampima mtu mali zake. Wazee wetu walijazana Same mwaka 1945 kuikataa mbiru, kodi ya kukisia utajiri wa mtu, na sisi hatutaki kuwa wa kwanza kuirudisha, tena na kikokotoo cha simu. Kwa hiyo kuna kiwango cha chini kwa kila mwanachama, kimeandikwa kwenye fomu, na juu ya hapo kila mtu ajipime mwenyewe usiku akiwa peke yake.

Kuhusu yule binti, mmetuuliza wengi kabla ya kikao. Tulimtafuta. Yuko hapa hapa Dar es Salaam, anafanya kazi za ndani kwa watu wa nyumbani, watu wema, ambao hawakujua habari yoyote ya daftari letu. Tulimwambia njia zipo: anaweza kurudi shule, au akasoma jioni na kufanya mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alitusikiliza kwa adabu. Halafu akauliza kama akirudi kule kwa wenzake atalala wapi. Tulimwambia tutamjibu baada ya mkutano huu.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa Mweka Hazina, karibu na mlango wa kuingilia, na nakala nyingine imo katika kurasa za mwisho za kijitabu hiki pamoja na ramani ya bweni na makadirio ya fundi. Anayeahidi saruji, mabati au nondo aandike idadi na tarehe ya kuvifikisha, maana mwaka juzi tuliahidiwa mabati mengi kuliko paa. Kura ya mgawanyo wa fedha itapigwa baada ya chakula, kwa kunyoosha mikono. Mzee wetu tumemwomba aongoze zoezi hilo la kura, na amekubali, ingawa ametuambia wazi kwamba bado hajasema ataupeleka wapi mkono wake.